Vibaba vya Umeme: Redio na Vipimo Vyake katika Nyanda za Mbulu na Hanang

Watu wa pwani na visiwa ni watu wa vipimo tangu kale. Muuza nafaka alipima kwa pishi na kibaba, muuza nguo kwa dhiraa, naye nahodha alimwamuru baharia ashushe bildi ili ijulikane ni pima ngapi za maji zilizosalia chini ya mkuku wa jahazi. Mshairi naye akahesabu mizani zake, nane ukwapi na nane utao, akijua kuwa silabi moja ikizidi au ikipungua, sikio la msikilizaji litajikwaa kabla akili yake haijajua sababu. Katika vipimo vyote hivyo mna funzo moja: kosa dogo halibaki kuwa dogo. Bildi ikidanganya kwa pima moja, chombo hupanda mwamba.

Karne ya ishirini ilileta vipimo vingine, vidogo mno hata havionekani kwa jicho wala kushikika kwa mkono. Ndivyo vilivyoamua kama sauti iliyotamkwa Dar es Salaam au Unguja ingesikika kwenye kilima cha Dongobesh, au ingepotea hewani. Vipimo hivyo ni mikrohenri na pikofaradi: vibaba vya umeme ambavyo fundi wa redio huvipima ndani ya koili na kapasita. Habari zake aghalabu huachiwa mafundi, ilhali historia ya Kiswahili katika bara ya Tanzania haikamiliki bila ya kuzitaja.

Nchi ya lugha zisizo na undugu

Wilaya za Mbulu na Hanang zimo katika Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mbulu ni nchi ya juu, yenye baridi na ukungu, iliyokaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Nyanda zake hupanda hadi kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kusini yake ndiko Hanang, kwenye tambarare za Basotu, maziwa ya magadi, na mji wa Katesh ulio chini ya Mlima Hanang, mlima wa volkano unaozidi mita 3,400. Kutoka huko hadi Unguja, kwa mstari ulionyooka kama arukavyo ndege, ni karibu kilomita 500.

Lakini umbali wa lugha ulikuwa mkubwa kuliko umbali wa ardhi. Wairaqw, ambao majirani wamezoea kuwaita Wambulu, husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatooga, na miongoni mwao Wabarbaig wa Hanang, husema lugha ya jamii ya Kinailoti. Wanyaturu na Wanyiramba walio kando yao husema lugha za Kibantu. Nao Wahadza wa bonde la Yaeda na ziwa Eyasi wana lugha yenye sauti za kidoko, ambayo wataalamu hawajaithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo mtu, kwa mwendo wa siku chache kwa miguu, huweza kupita katika jamii nne za lugha zisizofanana.

Kwa mzaliwa wa Kilwa au Mombasa, Kiswahili ni maziwa ya mama. Kwa mkulima wa Kainam au mfugaji wa Balangida kilikuwa lugha ya boma, ya soko, ya shule na ya kanisa au msikiti. Na baadaye kikawa, zaidi ya yote, lugha ya redio. Ikumbukwe kwamba Kiswahili hicho kilikuwa na asili yake maalumu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ili kuisimamia kazi hiyo. Vitabu viliipeleka lahaja hiyo kwa waliojua kusoma. Redio iliipeleka kwa kila mwenye masikio.

Chupa, waya na bahari

Elimu ya vipimo hivi haikuanzia kwenye redio. Ilianzia kwenye chupa na ikapitia baharini, tena ikapita mlangoni pa Unguja yenyewe.

Kapasita, ambayo mafundi wa zamani waliiita kondensa, ni vipande viwili vya madini vilivyokaribiana bila ya kugusana. Umeme hujikusanya juu yake kama maji katika mtungi. Ya kwanza ilikuwa chupa ya glasi iliyotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1745 na 1746, ikapewa jina la mji wa Leiden wa Uholanzi. Koili nayo ni waya uliozungushwa. Kazi yake ni kuukataa mkondo wa umeme usibadilike kwa ghafla, kama jahazi zito lisivyokubali kugeuka mara moja. Kipimo cha kapasita kiliitwa kwa jina la Michael Faraday wa Uingereza, aliyeishi kati ya 1791 na 1867; na kipimo cha koili kwa jina la Joseph Henry wa Marekani, aliyeishi kati ya 1797 na 1878. Faradi moja ni kubwa mno kwa kazi ya redio. Fundi hutumia pikofaradi, ambayo ni sehemu moja katika milioni ya milioni ya faradi, na mikrohenri, ambayo ni sehemu moja katika milioni ya henri.

Haja ya kuvipima vitu hivi kwa usahihi ililetwa na nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu wa miti na kulazwa majini huwa ni kapasita ndefu: shaba upande mmja, maji ya chumvi upande wa pili. Kila herufi iliyopelekwa ilibidi kwanza iujaze waya huo, na kwa hiyo herufi zilifika zimelegea na kuingiliana. Aliyeeleza kwa hesabu sababu ya ulegevu huo, katikati ya miaka ya 1850, ni William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Tangu hapo bei ya karafuu na habari za kasri ya Sultani zilisafiri ndani ya kapasita iliyolala kwenye matope ya bahari.

Thomson huyohuyo alikuwa ameshafanya jambo jingine. Mwaka 1853 alionyesha kwa hesabu kwamba kapasita ikiunganishwa na koili, umeme hautoki mara moja na kutulia, bali huenda na kurudi, huenda na kurudi, kama pembea. Kasi ya pembea hiyo huamuliwa na ukubwa wa koili na wa kapasita peke yake. Mtu akivijua hivyo viwili, ameijua kasi; akiijua kasi na kimoja kati ya viwili, amekijua cha pili. Ufundi wote wa kuchagua stesheni katika redio, na ufundi wote wa kupima vipande vyake, umesimama juu ya jambo hilo moja.

Mwitikio

Wimbi la redio linapopita, huigusa pembea hiyo. Kama kasi ya wimbi si sawa na kasi ya pembea, hakuna linalotokea. Zikilingana, pembea huitika, na mwitikio wake hukua hata ukaweza kusikika. Anayeshiriki ngoma au kasida anajua habari hii bila ya kufundishwa: wengi wanaimba, lakini waitikiaji huitika pale tu wanapopajua. Redio ni kiitikio kilichotengenezwa kwa waya.

Hesabu yake si ngumu. Fundi huchukua namba 25,330 na kuigawa kwa kapasita iliyopimwa kwa pikofaradi, kisha kwa megahezi zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Jibu ni mikrohenri za koili. Koili ya mikrohenri 10 ikiunganishwa na kapasita ya takriban pikofaradi 99 huitikia kilohezi 5,050, mahali ambapo Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwa miaka mingi katika masafa mafupi. Koili hiyohiyo, ili iitikie kilohezi 11,735, ambako Sauti ya Tanzania Zanzibar ilijulikana kwa wasikilizaji wa mbali, inahitaji pikofaradi 18 na kidogo tu. Kwa msikilizaji wa Katesh mwenye koili ya namna hiyo, tofauti kati ya Dar es Salaam na Unguja haikuwa mkono wa bahari. Ilikuwa ni pikofaradi 81.

Hapo ndipo udogo unapokuwa mkubwa. Pikofaradi moja ikizidi pale penye 18, stesheni ya Unguja itahama kwa karibu kilohezi 300 na kupotelea katika mivumo ya stesheni nyingine. Zikizidi tano, pembea itashuka hadi megahezi 10 na nusu hivi, na Unguja haitasikika kabisa. Nazo pikofaradi tano si kitu: waya uliopindwa vibaya huzileta, na hata kidole kilichosogezwa karibu huweza kuleta moja au mbili. Mdharau biu, hubiuka.

Sauti inafika

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka huohuo Unguja ikawa na Sauti ya Unguja. Mwaka 1956 kituo cha Dar es Salaam kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali.

Mwanzoni redio zenyewe zilikuwa masanduku ya valvu, ghali na nzito, zenye kula betri kama moto ulavyo makuti. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo, ilitokea mwaka 1949 redio ya bei ya paundi tano iliyojengwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, ili mtu wa kawaida naye aweze kusikiliza. Lakini mageuzi makubwa yaliletwa na transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuingia katika redio za kubebwa mkononi kuanzia mwaka 1954. Redio ikapungua uzito, betri ikadumu kwa wiki nyingi badala ya siku chache, na mchungaji akaweza kuitundika begani. Baada ya uhuru, Tanzania nayo ikaanza kuziunganisha redio nchini: Philips mjini Arusha, na Matsushita, yenye chapa ya National, huko Dar es Salaam, ambayo pia ilitengeneza betri. Kwa mtu wa Mbulu, Arusha ndio mji mkubwa wa karibu. Redio iliyounganishwa huko ilipanda mlima kwa basi lilelile lililoshuka na vitunguu saumu na maharage.

Serikali ililitumia jambo hilo kwa makusudi. Kampeni za elimu ya watu wazima ziliendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza: watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana. Mwaka 1971 ilikuwako Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, iliyowaingiza takriban watu milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kujifunza kinga ya maradhi, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Ukweli wa kampeni hizi ni kwamba kikundi kizima kilitegemea chombo kimoja. Redio ikiwa nzima, kikundi ni darasa. Redio ikinyamaza, darasa halipo, na somo la wiki hiyo la malaria au la kuchimba choo limepita hewani bila ya kusikika.

Miaka ya uhaba

Redio hunyamaza kwa sababu nyingi, na hali ya nchi haikuzihurumia. Kapasita za karatasi na nta hunywa unyevu na kuvujisha umeme. Maradhi hayo ni ya pwani zaidi. Zile zenye maji ya kemikali ndani hukauka kwa joto na umri. Vumbi la tambarare za Hanang huingia baina ya sahani za kapasita ya kuchagulia stesheni, nazo hukwaruza na kugusana. Nta iliyoshikilia koili hulegea, waya ukahama kwa unene wa unywele, na stesheni ikahama pamoja nao.

Tiba yake ni rahisi pale vipuri vinapopatikana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi iliingia katika dhiki ya fedha za kigeni. Duka lililokosa sabuni na sukari lingewezaje kuwa na kapasita ya pikofaradi 47? Hali haikuanza kulegea ila kuanzia mwaka 1984, wenye fedha zao za nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Katika miaka hiyo fundi wa mji mdogo aliishi kwa kuwafufua wagonjwa kwa viungo vya maiti. Redio tatu zilizokufa zilitoa moja iliyo hai.

Lakini kiungo kilichotolewa kwa maiti aghalabu hakina jina. Rangi zinazoonyesha thamani yake zimebabuka kwa joto, maandishi yamefutika, na koili haijapata kuwa na maandishi hata siku ilipokuwa mpya. Hapo ndipo kupima kulipoacha kuwa anasa ya maabara na kuwa riziki. Asiyejua kupima alibahatisha, akapandikiza kiungo kisicho chake, na redio ikarudi kwa mwenyewe ikiwa na sauti ya mvumo peke yake.

Vyombo na hila zake

Chombo kilichoenea zaidi katika karakana za Afrika ya Mashariki ni kipimaumeme cha Kiingereza kiitwacho AVO, kilichoanza kuuzwa mwaka 1923. Aina yake ya nane, iliyotoka mwaka 1951, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2008. AVO hupima volti, ampea na omu kwa uaminifu mkubwa. Hueleza kama kapasita inavuja na kama waya wa koili umekatika. Lakini mbele ya pikofaradi 18 mshale wake hautikisiki. Ni mizani ya kupimia magunia, haiwezi kupima hiliki.

Kwa udogo huo palihitajika chombo kinachotumia mwitikio. Kilicho bora kabisa kilikuwa mita ya Q, iliyotolewa na kampuni ya Boonton ya New Jersey, Marekani, mwaka 1934, na ambayo haikuonyesha ukubwa wa koili tu bali na ubora wake: ni mara ngapi pembea itaenda na kurudi kabla haijachoka. Chombo hicho kilikuwa cha maabara na vyuo, kizito na cha bei kubwa. Fundi wa kawaida angeweza kufika karibu na jibu hilo kwa vitu vitatu: mtambo wa kuzalisha mawimbi ya majaribio, kapasita ya kuzungusha yenye alama za vipimo, na mita ya kumwonyesha kilele cha mwitikio.

Hila yake kuu ni ya kubadilisha. Koili yoyote nzuri huunganishwa na kapasita ya kuzungusha, nayo huzungushwa hadi mwitikio ufike kileleni. Tuseme alama inasoma 320. Kisha kapasita isiyojulikana huunganishwa kando yake, na mwitikio hushuka, kwa kuwa sasa mtungi umekuwa mkubwa mno. Fundi hurudisha ile ya kuzungusha nyuma hadi kilele kirejee. Ikisoma 273, basi mgeni ni pikofaradi 47. Uzuri wa njia hii ni kwamba makosa ya chombo chenyewe, kama vile pikofaradi zilizojificha katika nyaya na viungo, yamo katika kipimo cha kwanza na yamo katika cha pili. Yakitolewa moja kwa jingine, hutoweka. Muuza samli hufanya vivyo hivyo anapopima chupa tupu kwanza, kisha chupa na samli.

Koili nayo ina udanganyifu wake. Kila mzunguko wa waya umekaa karibu na mwenziwe, na ukaribu huo ni kapasita ndogo isiyotakiwa. Ili kuifichua, fundi hutafuta mwitikio mara mbili: kwa kasi fulani, kisha kwa kasi iliyo maradufu yake. Kama mara ya kwanza alihitaji pikofaradi 212 na mara ya pili 50, huzidisha 50 kwa nne, akapata 200. Huzitoa katika 212, zikabaki 12. Huzigawa kwa tatu. Nne ndizo pikofaradi zilizojificha ndani ya koili.

Kipo pia chombo kidogo cha mkononi kinachopima bila ya kugusa. Ndani yake mna pembea inayoendeshwa na valvu, na koili yake imetokeza nje kama kidole. Fundi hukisogeza karibu na koili anayoichunguza na kuzungusha kitufe polepole. Kasi mbili zinapolingana, koili ya pili hunyonya nguvu ya ile ya kwanza, na mshale wa mita huanguka ghafla. Kadiri chombo kinavyowekwa mbali ndivyo jibu linavyokuwa la kweli zaidi, kwani akikaribia mno hukivuta kile anachokipima. Si fundi wa redio peke yake aliyeliona jambo hilo. Kila mwenye kusuluhisha ugomvi wa watu analijua.

Lakini chombo cha kupimia nacho chahitaji kupimwa. Mtambo wa majaribio uliosafirishwa kwa lori kutoka Arusha, ukapigwa na joto mchana na baridi ya Mbulu usiku, hauaminiki kwa alama zake. Je, ni nani wa kumrekebisha mwenye pishi? Jibu lilikuwa hewani. Stesheni za redio hushikilia kasi zao kwa kipande cha jiwe-kioo lililokatwa kwa unene maalumu, na husogea kidogo mno. Fundi huwasha redio nzima, huifungua penye stesheni anayoijua, kisha huleta wimbi la mtambo wake karibu nayo. Husikika mluzi, mluzi hushuka, huwa mzito, huwa mguno, kisha hunyamaza. Penye kimya hicho mtambo na stesheni ni kitu kimoja, na alama huandikwa upya kwa penseli. Kwa hiyo msomaji wa taarifa ya habari wa Dar es Salaam, bila ya kujua, alikuwa pia pishi ya serikali kwa fundi wa Haydom.

Simu ya upepo

Redio haikuwa ya kusikiliza tu. Haydom, upande wa magharibi wa Mbulu, ilipata hospitali mwaka 1955 kwa juhudi za Walutheri wa Norway, mahali ambapo barabara zilikuwa chache na za udongo, na masika yalizikata. Shirika la Madaktari Warukao, lijulikanalo kwa jina la AMREF, liliasisiwa Nairobi mwaka 1957, na likawaunganisha madaktari wa mbali kwa ndege na kwa redio za masafa mafupi, ambazo wazee waliziita simu ya upepo. Hospitali na zahanati nyingi za bara ya Tanzania zilitegemea mitambo ya namna hiyo kwa miongo mingi kabla ya simu za mkononi kufika. Humo ndani mlikuwa na koili na kapasita zilezile, na hukumu ileile: pembea ikihama, wito haumfikii mtu. Mama mwenye uchungu uliokwama hakujua pikofaradi ni nini, na hakuwa na haja ya kujua. Ilitosha kwamba mtu mmoja alijua.

Kile ambacho hakikuwa hewani

Haifai, hata hivyo, kuisimulia habari hii kama shangwe tupu. Wairaqw wana utanzu wa ushairi uitwao slufay, dua na baraka zinazotamkwa na mzee mbele ya watu, nao huitikia. Ni ushairi mrefu wa kuombea mvua, mifugo na amani, wenye kumbukumbu ya nchi na mipaka yake. Wadatooga wana nyimbo zao. Wahadza wana zao. Huduma ya ndani ya Radio Tanzania iliendeshwa kwa Kiswahili, na sehemu kwa Kiingereza. Fundi angeweza kupima kwa usahihi wa sehemu moja ya pikofaradi, akaisafisha koili na kuifungua redio kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, asikute slufay popote.

Sera hiyo ilikuwa na hoja yake: taifa la lugha zaidi ya mia lilitafuta kusikilizana, na katika wilaya zenye jamii nne za lugha hoja hiyo ina uzito kuliko mahali pengine. Mnyaturu na Mbarbaig waliokutana mnadani walihitaji lugha ya tatu, na redio iliwapa. Wapenzi wa mashairi wa visiwani, ambao hujivunia kwamba lugha yao ilipanda hadi kileleni, wana haki ya kujivunia. Lakini pia wanapaswa kujua kwamba njia ile ilikuwa ya upande mmoja. Kiunguja kilipanda, slufay haikushuka. Sikio la pwani halikupata kuitikia.

Baada ya mawimbi mafupi

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa stesheni za watu na mashirika binafsi, na Mbulu yenyewe ikaja kuwa na kituo cha Radio Habari Njema cha jimbo la Kanisa Katoliki. Stesheni hizo ziko katika FM, na huko vibaba vimepungua tena. Kwenye megahezi 100, kapasita ya pikofaradi 10 huhitaji koili ya robo tu ya mikrohenri, yaani mizunguko michache ya waya iliyosimama hewani. Milimita moja ya waya ulionyooka huwa na kama nanohenri moja. Kwa hiyo sentimita moja ya kiungo kilichoachwa kirefu hubadilisha koili hiyo kwa asilimia nne. Mawimbi ya FM nayo hayaruki juu ya milima kama ya masafa mafupi. Huenda kwa mstari, na Mlima Hanang huyakinga kama ukingavyo mvua.

Siku hizi kipimo cha pikofaradi hupatikana katika kisanduku cha plastiki chenye namba zinazowaka, na bei yake ni ndogo kuliko ya betri za valvu za zamani. Wengi hudhani ni elimu mpya. Vingi kati ya visanduku hivyo vina koili moja na kapasita moja ndani, na pembea isiyokoma. Huhesabu kasi yake kabla ya mgeni kuunganishwa, huihesabu tena baadaye, na kutoa jibu kwa tofauti. Ni hila ileile ya chupa na samli, na hesabu ileile ya Thomson ya mwaka 1853.

Kilichobadilika ni mahali elimu inapokaa. Fundi wa AVO na mtambo wa mawimbi alilazimika kujua ni kwa nini jibu ni 47. Asiyejua hakupata jibu. Mwenye kisanduku hupata jibu bila ya sababu, na kisanduku kinapokosea hana cha kukikosolea. Redio za simu za mkononi hazifunguliwi wala kutengenezwa, zikifa hutupwa. Vyombo vya zamani huuzwa kwa uzito wa chuma, na daftari zilizoandikwa kwa penseli huwashiwa moto wa chai. Penye karakana ambayo chombo kimoja bado kinafanya kazi, na mzee bado yuko wa kueleza maana ya mluzi unaoshuka hadi kimya, ipo sababu ya kukaa naye na kuandika, kama wanavyoandikwa wenye tenzi na wenye slufay. Pishi huweza kununuliwa nyingine. Aliyejua kuirekebisha hanunuliwi.